Jiko la kwanza la moshi kwa dola 200

Mwezi wa tano ukikaribia kuisha, maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi hapa Houston hutoa majiko ya nyama nje na kuyapanga mlangoni. Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo, ndiyo Wamarekani huhesabu kuwa msimu wa kupikia uani umefunguliwa. Unakuta jiko jeusi refu lenye sanduku la moto ubavuni, linafanana kabisa na yale unayoyaona kwenye video za kidari cha Texas. Pembeni yake kuna kabati la umeme la kupikia kwa moshi, lenye mlango wa kioo, kisha jiko la peleti, yaani punje za mbao zilizoshindiliwa, lenye skrini ndogo na dalili zote za kwamba litataka intaneti yako. Mwisho wa mstari kuna jiko la duara la miguu mitatu, halina mbwembwe, na watu wengi wanalipita.

Mimi humwambia mtu achukue hilo la duara. Tena asilichukue hapo dukani, akalitafute mtumba.

Nimeandika haya kwa sababu swali la jiko lipi la moshi la kuanzia linanijia kila mara kutoka kwa wenzangu, Watanzania na Wakenya, waliotoka kwenye apatimenti wakapata nyumba yenye ua. Wanataka kupika kidari, wanataka bega la mbuzi lililolainika mpaka mfupa unachomoka wenyewe, na mfukoni wana dola 200 au 300 ambazo mke au mume hajazipigia kelele. Kwangu aliyekuwa anapiga kelele ni mume. Kuna imani kwamba moto wa nyama ni kazi ya wanaume, na wanawake tukiusogelea tunaulizwa kama kachumbari imeshakuwa tayari.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana watu wa nyumbani wakisikia jiko la nyama wanafikiria nyama choma. Nyama choma inakaa juu ya makaa, joto linatoka chini moja kwa moja, na saa moja au mbili mambo yamekwisha. Huku Texas nyama haioni makaa. Inakaa kando ya moto au mbali juu yake, ndani ya kitu kilichofunikwa, kwenye joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi, na inaweza kukaa humo saa kumi na zaidi. Mambo haya waliyaanzisha zaidi wenye bucha wa Kijerumani na Kicheki waliohamia katikati ya Texas karne ya 19. Walikuwa wakipika kwa moshi vipande ambavyo havijauzwa ili visiharibike, wakawauzia wafanyakazi wa mashamba, wanakula pale pale kwenye karatasi ya buchani. Ukienda mji wa Lockhart bado utaikuta Kreuz Market, iliyoanza mwaka 1900, na nyama bado inatolewa juu ya karatasi.

Kidari ndicho kinachoeleza kwa nini yote haya ni ya polepole. Ni kifua cha ng'ombe, msuli uliobeba mnyama maisha yake yote, na umejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu za protini zinazoshikilia msuli. Ukiuchoma haraka unatafuna soli ya kiatu. Kolajeni ikikaa kwenye joto la kuanzia nyuzi 70 hivi kwa saa nyingi, inayeyuka na kuwa jelatini, na huo ndio ule ulaini unaowafanya watu wapange foleni. Kwa hiyo jiko unalolitafuta ni lile linaloweza kushika joto dogo, lile lile, kwa muda mrefu, bila wewe kulikodolea macho.

Na hapo ndipo bei inapodanganya watu. Joto la mkaa halifuati wingi wa mkaa uliomwaga, linafuata hewa. Aliyepika wali kwenye jiko la mkaa anajua hili bila kufundishwa: ukitaka moto upungue unafunga kile kimlango cha chini, makaa yanasinzia, wali unapaliwa taratibu. Jiko la moshi ni kimlango hicho hicho. Likiwa na matundu unayoweza kuyafungua na kuyafunga, na kifuniko kinachokaa vizuri, umelitawala. Likivuja, litakutawala wewe, hata liwe limepakwa rangi gani.

Sasa tuyaangalie yale ya mlangoni kwa jicho hilo.

Lile refu lenye sanduku la moto ubavuni ndilo linalouza ndoto. Majiko halisi ya namna hiyo, yale ya mahoteli ya Texas, mengi yametengenezwa kwa matangi ya gesi ya zamani ya galoni 1,000, chuma cha unene wa robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Chuma kinene kinahifadhi joto, kwa hiyo ukiongeza gogo moto hauruki. Lile la dola 200 lina bati jembamba, milango haikai sawa, na moshi unatokea kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Shemeji yangu alilinunua. Jumamosi nzima alikuwa anakwenda na kurudi na vipande vya kuni, kila nusu saa kipande kingine, joto likipanda mpaka nyuzi 150 kisha linaporomoka chini ya 90. Nikapitisha kiganja pembeni mwa mlango wa chumba cha nyama na nikausikia moto unavyopumua nje. Linaweza kurekebishwa, sikatai: unanunua gasketi ya kitambaa cha kustahimili moto, unaziba maungio kwa silikoni ya joto kali, unaongeza bati la kusambaza joto ndani. Ukimaliza umetumia dola nyingine 60 na wikendi, na bati bado ni jembamba.

Jiko la peleti ni jambo jingine. Linafanya kazi vizuri, tusione wivu. Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, alilipatia hataza mwaka 1986. Hataza ilipokwisha miaka 20 baadaye kila kampuni ikaingia sokoni. Punje za mbao zinasukumwa na parafujo ndogo kuelekea kwenye moto, feni inapuliza, kompyuta inahesabu. Unaweka namba, unaenda kulala. Lakini la kuaminika linaanza kwenye mamia ya juu ya dola, lina mota na vifaa vya umeme vya kuharibika, na moshi wake ni mwepesi kuliko wa mkaa na magogo. Mtu mwenye kazi mbili na watoto watatu, akiwa na hela, simzuii hata kidogo. Ila makala hii ni ya mwenye dola 200.

Kabati la umeme lipo ndani ya bajeti na lina faida moja ambayo nitairudia mbele. Ngozi ya kuku haikauki humo, inatoka kama mpira, na nyama haipati ile rangi ya waridi chini ya ganda. Rangi hiyo inatokana na gesi za moto halisi, naitriki oksidi na kaboni monoksidi, zinaposhikana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake. Haina ladha yoyote. Ila Mtexas asipoiona atakutazama tu, na wewe utajua.

Tubaki na la duara. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works ya Chicago, alichoka na majiko ya wazi ambayo upepo ulikuwa unayachezea. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza maboya ya chuma ya majini. Akakata boya katikati, nusu ya chini ikawa jiko, ya juu ikawa kifuniko, yakawekwa matundu ya hewa. Hakulitengeneza kwa ajili ya moshi, alilitengeneza kwa ajili ya kuikaba hewa, na ndiyo maana linafaa kwa moshi. Weber Kettle ya inchi 22 ikiwa mpya ni karibu dola 200. Mtumba, kwenye Facebook Marketplace, nimeyaona kwa dola 50 hadi 80, na mwezi wa nane na wa tisa, watu wanapohama, mengine yanaachwa kando ya barabara.

Ukienda kuangalia la mtumba, usiangalie kutu ya nyavu wala jivu lililoganda. Nyavu zinanunuliwa, jivu linakwanguliwa. Funika kifuniko, kizungushe taratibu kwa mkono mmoja, sikiliza. Kikikwama upande mmoja na kulegea upande mwingine, jiko limeangushwa, mdomo wake si duara tena, achana nalo. Kisha inama uangalie chini: kuna mkono mdogo unaozungusha mapanga matatu ya kufunga matundu ya hewa. Mapanga yakiwa yameliwa na kutu, omba punguzo, kwa sababu ni kipuri kinachopatikana ila kitakugharimu. Enameli ikiwa imebanduka ndani, hasa kwenye ukingo, kutu iko njiani. Kwenye tundu la juu la kifuniko tafuta herufi ndogo zilizogongwa. Tangu 1979 Weber wamekuwa wakiziweka, na orodha za kuzisoma zimejaa mtandaoni, hivyo utajua jiko ni la mwaka gani kuliko muuzaji mwenyewe. Usiogope umri. Yapo ya miaka ya 80 yanayofunga vizuri kuliko mapya ya kampuni za bei chee.

Shemeji alipoliona langu kwenye buti ya gari alicheka mpaka akashika goti.

"Shemeji, hiki kisufuria ndicho utakachopikia kidari?"

"Ndicho. Wewe lete kidari tu, shemeji yangu, moto niachie mimi."

Namna ya kuligeuza jiko la moshi ni hii, na inagharimu bure. Unapanga briketi, vile vitofali vidogo vya mkaa ulioshindiliwa, pembezoni mwa wavu wa chini, kufuata mduara, mbili mbili zikiegemeana, kisha safu nyingine ya mbili mbili juu yake, mpaka mstari uzunguke kama nusu ya jiko au theluthi mbili. Wamarekani wanauita nyoka. Juu ya nyoka, kwenye nusu yake ya kwanza, unaweka vipande vinne au vitano vya mti mkavu vyenye ukubwa wa ngumi. Katikati, mahali pasipo na mkaa, unaweka trei ya foili yenye maji ya moto. Halafu unawasha briketi kumi hivi pembeni, kwenye bomba la kuwashia, zikishika jivu jeupe unaziweka kwenye kichwa cha nyoka kwa koleo. Moto unatambaa kutoka briketi hadi briketi. Nyama inakaa juu ya trei ya maji, upande ambao moto haujafika.

Funga kifuniko, tundu la juu liwe juu ya nyama ili moshi upite hapo ukielekea kutoka. Tundu la juu liache wazi zaidi ya nusu. Kazi yote ifanye chini. Joto likifika nyuzi 95 anza kubana matundu ya chini, usisubiri 107, maana jiko likishapitiliza kulirudisha ni kazi ya saa nzima, ilhali kulipandisha ni dakika chache. Baada ya hapo nyoka mmoja atakwenda saa sita, mara nyingi zaidi, bila kuongezwa kitu. Mimi hupika na kufua nguo siku hiyo hiyo.

Briketi, tafadhali, na si mkaa wa miti kama wa nyumbani. Mkaa wa miti ni mzuri kwa kuchoma, lakini vipande havilingani, na nyoka anataka mafundo yanayolingana ili moto usiruke wala kuzimika. Chapa maarufu zaidi hapa, Kingsford, ina asili yake kwa Henry Ford, aliyetaka mabaki ya mbao za kiwanda cha magari huko Michigan yasipotee. Magunia yake hushuka bei Memorial Day, tarehe 4 Julai na Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba. Nunua ya mwaka mzima uweke pakavu. Unyevu wa Houston unaharibu mkaa haraka.

Hela uliyobakiza ipeleke kwenye kipimajoto. Hapa sina mchezo. Saa ya joto iliyobandikwa kwenye kifuniko cha jiko inapima hewa ya juu karibu na bati, wakati nyama iko chini, na kwenye majiko ya bei rahisi inaweza kukosea kwa nyuzi 20 na zaidi. Nunua cha kidijitali chenye waya mbili, mmoja wa kubana kwenye wavu karibu na nyama, mwingine wa kuchoma ndani ya nyama. Dola 40 zinatosha. Jiko la dola 60 na kipimajoto cha dola 40 litapika vizuri kuliko jiko la dola 400 ambalo unalikisia.

Bila kipimajoto hutaelewa kinachotokea katikati ya safari. Kidari kitapanda vizuri mpaka nyuzi 65 au 70, kisha kitasimama. Saa mbili, tatu, namba haisogei. Wengi hapo hufungua matundu yote kwa hasira. Nyama inatoa jasho tu: maji yanapanda juu, yanavukizwa, na uvukizi unaipoza kwa kasi ile ile ambayo moto unaipasha. Ukiwa na haraka ifunge kwenye foili au karatasi ya buchani, jasho likose pa kwenda, joto litaendelea. Inaiva kati ya nyuzi 93 na 96, ila kipimo cha mwisho ni sindano ya kipimajoto kupita kwenye nyama bila kugoma. Kisha ipumzishe saa moja ndani ya deli lisilo na barafu.

Kuhusu kuni, post oak, aina ya mwaloni, ndiyo ya Texas ya kati. Hickory ina nguvu zaidi. Miti ya matunda ni ya upole kwa kuku. Mesquite nenda nayo polepole. Wakenya wa Baringo, Garissa na Tana River wanaijua vizuri kwa sura nyingine: ni ndugu wa mathenge, ule mti wa miiba. Moto wake ni mkali na moshi wake ukikaa saa nyingi unaacha uchungu. Chochote unachotumia, kiwe kikavu na hakina rangi wala msumari, na tazama tundu la juu: moshi mzito mweupe unaobingirika unaleta lami chungu kwenye nyama, subiri. Ukiwa mwembamba, wa buluu, karibu hauonekani, ndipo weka nyama.

Kwa msomaji aliyeko Dar, Nairobi au Mwanza, ambako Weber ya mtumba si kitu cha kuokota barabarani, sina sababu ya kukuagizishia. Pipa la lita 200 na fundi wa kuchomelea mzuri watakupa jiko ambalo Wamarekani wenyewe wanalitengeneza gereji kwao na kulisifia. Matundu matatu au manne ya hewa chini yenye vifuniko vya kuzungusha, kikapu cha mkaa, wavu sentimita 60 hivi juu ya makaa, kifuniko chenye tundu. Kinachohitaji umakini ni pipa lenyewe. Lililobeba dawa za mashambani au kemikali za kiwandani usiliguse hata ukipewa bure. Lenye rangi ya ndani lichomwe kwa moto mkubwa mpaka chuma kibaki kitupu. Na chuma kilichopakwa zinki, kama mabati ya kuezekea au nyavu zake, kisiwe karibu na moto, kwa sababu mvuke wa zinki unadhuru. Sisi wa Mwanza tumekula sangara wa moshi tangu utotoni. Ufundi wa kuutawala moto upo, usikubali mtu akuuzie kama kitu kigeni.

Kwa waliobaki kwenye apatimenti, lile kabati la umeme ndilo nililosema nitalirudia: halitumii mkaa. Kanuni za moto katika miji mingi ya Marekani zinakataza jiko la mkaa kwenye roshani ya mbao au ndani ya futi 10 kutoka ukuta unaoweza kuungua, na mwenye nyumba anaweza kukufukuza kwa hilo. Soma mkataba kwanza, kwa sababu wengine wanakataza hata la umeme. Na baridi iwe kali vipi, wenzangu wa Minnesota, mkaa usiingie ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu na kila majira ya baridi inaua watu.

Kidari kisiwe cha kwanza. Ni kipande cha kilo 5 au 6, ni ghali, na kinakula siku nzima. Anza na mapaja ya kuku, saa moja na nusu, hakikisha yamevuka nyuzi 74. Kisha bega: wa kitimoto wachukue la nguruwe, ambalo lina mafuta ya kutosha kusamehe kila kitu, wengine bega la mbuzi kutoka maduka ya halali ya Hillcroft hapa Houston, chumvi na pilipili manga tu, lifungwe kwenye foili na kitunguu likishapata rangi. Mbuzi hana mafuta mengi, kwa hiyo hiyo foili si hiari.

Inchi 22 zinabeba kidari kimoja au mabega mawili, wageni kumi na wanne wanaokula kama watu wa kwetu. Shughuli ikizidi hapo, kama ile ya mahafali ya mpwa wetu, sikununua jiko kubwa. Nilitafuta la duara la pili, dola 50, likiwa na kifuniko cha kijani na cha kwanza cheusi, na shemeji ndiye aliyekwenda kulichukua. Lake la sanduku anaweka mkaa ndani na kuchomea mahindi.